Maria Sibylla Merian na Siri ya Viwavi

Je, umepata kumwona kiwavi akitafuna jani la mchungwa? Bila shaka umemwona. Watu wengi wakimwona kiwavi humkanyaga au humtupa mbali, kwa kuwa huharibu mimea. Lakini wewe mwanafunzi wa sayansi umekwisha kujifunza kwamba kiwavi yule ametoka katika yai la kipepeo au la nondo. Akiachwa aishi, atageuka kuwa pupa, na katika pupa atatoka kipepeo au nondo mwingine. Mabadiliko hayo ya umbo yana hatua nne: yai, kiwavi, pupa na mdudu kamili.

Leo jambo hili hufundishwa darasani kwa kipindi kimoja. Zamani haikuwa hivyo. Iliwabidi watu watazame na kungoja kwa miaka mingi ndipo lijulikane vema. Mmoja wa watu hao alikuwa mwanamke aliyeitwa Maria Sibylla Merian. Sasa soma habari za maisha yake. Utaona jinsi alivyowachunguza viwavi, na jinsi alivyojitegemea kwa kazi ya macho na mikono yake, katika siku ambazo wanawake waliwekewa vizuizi vingi.

Utoto wake

Maria alizaliwa tarehe 2 Aprili, mwaka 1647, katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchapaji wa vitabu na fundi mashuhuri wa kuchonga picha. Siku zile hapakuwa na kamera. Mtu aliyetaka kutia picha kitabuni ilimbidi aichonge kwanza juu ya bamba la shaba kwa chombo chenye ncha kali. Kisha bamba lilipakwa wino, karatasi ikakandamizwa juu yake, na picha ikatokea.

Baba yake alifariki dunia Maria alipokuwa na umri wa miaka mitatu tu. Mama yake akaolewa tena na mchoraji wa maua aliyeitwa Jacob Marrel. Baba huyu wa kambo ndiye aliyemfundisha Maria kuchora na kupaka rangi. Maria hakusoma katika chuo kikuu, kwa maana vyuo vikuu vya siku zile vilikuwa vya wanaume. Shule yake ilikuwa chumba cha wachoraji. Huko alijifunza jambo moja ambalo kila mwanasayansi hana budi kulijua: kukitazama kitu kwa makini mpaka ukione kama kilivyo.

Msichana na nondo wa hariri

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, Maria alianza kuwachunguza nondo wa hariri. Huenda umesikia kwamba nyuzi za hariri hutengenezwa na mdudu. Mdudu huyo ni kiwavi anayekula majani ya mforsadi. Kiwavi hula sana, hukua, na kila ngozi yake inapombana huivua na kubaki na ngozi mpya. Akisha kukomaa hutoa uzi mwembamba mdomoni, akajizungushia uzi huo mpaka akafunikwa kabisa ndani ya kifukofuko. Humo ndani hugeuka pupa. Baada ya siku kadhaa nondo mweupe hutoboa kifukofuko na kutoka. Nondo jike hutaga mayai, na mambo huanza upya.

Maria aliyatazama haya yote, akastaajabu. Kisha akajiuliza swali: je, viwavi wengine nao hubadilika vivyo hivyo?

Yafaa ujue watu wengi wa wakati ule waliamini nini. Waliamini kwamba wadudu huzaliwa na matope, na umande, au na nyama iliyooza. Wataalamu wa Ugiriki ya kale walikuwa wameandika hivyo, na kwa karne nyingi watu waliyarudia maneno yao bila kuyapima. Wafugaji wa nondo wa hariri walizijua habari za mdudu wao, lakini watu wachache mno waliwashughulikia viwavi wa shambani na wa bustanini. Maria hakuridhika kusadiki maneno ya watu. Alitaka kuona mwenyewe.

Basi alikwenda bustanini akakusanya viwavi wa kila namna. Aliwaweka katika visanduku, akawalisha. Hapo alipata shida ambayo nawe utaipata ukifuga viwavi: kiwavi wa aina moja hukataa majani ambayo kiwavi wa aina nyingine huyapenda. Wengine hukubali mmea wa aina moja tu, na wakikosa mmea huo hufa. Kwa hiyo Maria aliandika katika daftari si sura ya kiwavi tu, bali pia chakula chake, siku aliyogeuka pupa na siku aliyotoka kipepeo. Kazi hii aliyoianza utotoni aliiendeleza maisha yake yote.

Kazi ya mikono yake

Mwaka 1665, alipokuwa na umri wa miaka kumi na minane, Maria aliolewa na mchoraji Johann Andreas Graff. Wakahamia mji wa Nuremberg. Walipata watoto wawili wa kike: Johanna Helena, aliyezaliwa mwaka 1668, na Dorothea Maria, aliyezaliwa mwaka 1678.

Huko Nuremberg Maria alikuwa mke, mama, mwalimu na mfanyabiashara kwa wakati mmoja. Vyama vya mafundi wachoraji viliwawekea wanawake vizuizi vingi, lakini Maria alitafuta njia ambazo hazikufungwa. Aliwafundisha wasichana kuchora na kutarizi. Alitengeneza rangi, akaziuza. Alitia picha juu ya vitambaa kwa rangi zisizotoka zikifuliwa. Alichapa kitabu cha picha za maua ambacho watarizi walikitumia kama kielelezo. Tena, katikati ya shughuli hizi zote, hakuwasahau viwavi wake.

Mwaka 1679 alichapa kitabu cha kwanza kuhusu viwavi, chenye picha hamsini alizozichonga katika mabamba ya shaba. Cha pili kilifuata mwaka 1683. Vitabu hivi vilikuwa na jambo jipya. Wachoraji wengi walizoea kuwachora wadudu peke yao, wamepangwa safu kama vitu dukani. Maria aliuchora mmea kwanza. Juu ya mmea huo akachora mayai, kiwavi, pupa na kipepeo, kila mmoja mahali pake. Mtu aliyeitazama picha moja tu aliona maisha yote ya mdudu pamoja na chakula chake. Leo tunalo somo zima la sayansi linalohusu viumbe na mahali wanapoishi. Maria alilionyesha somo hilo kwa picha kabla halijapewa jina.

Wakati mwingine aliona jambo asiloweza kulieleza. Alingoja kipepeo atoke katika pupa, badala yake wakatoka nzi wadogo au nyigu wadogo. Je, pupa moja ingewezaje kutoa wadudu wa namna mbili? Maria hakulificha jambo hilo, wala hakubuni jibu. Aliliandika kama alivyoliona. Leo twajua kwamba kuna nyigu na nzi ambao hutaga mayai juu ya viwavi au ndani yao, na watoto wao humla kiwavi huyo mpaka akafa. Kwa kuwa Maria aliandika kweli, waliokuja baadaye waliweza kuyaelewa yale aliyoyaona.

Uamuzi mgumu

Ndoa ya Maria haikuwa na furaha. Mwaka 1685 aliondoka pamoja na mama yake na binti zake wawili, wakaenda Uholanzi kuishi na jamii ya Wakristo waliokaa pamoja na kushiriki mali zao. Mumewe alimfuata amrudishe, lakini Maria hakukubali kurudi. Baadaye walitalikiana, naye akarudia kutumia jina la baba yake, Merian.

Fikiri jinsi uamuzi huo ulivyokuwa mzito. Mwanamke aliyeachana na mumewe siku zile alisemwa vibaya, tena hakuwa na mtu wa kumtunza. Maria alikuwa na watoto wa kuwalea. Mwaka 1690 mama yake alifariki, na mwaka uliofuata Maria na binti zake wakahamia mji mkubwa wa Amsterdam.

Mji huo ulikuwa na bandari yenye shughuli nyingi, na wanawake wa huko waliruhusiwa kufanya biashara kuliko wa miji mingine mingi. Maria alifungua karakana ya uchoraji. Binti zake, ambao alikuwa amewafundisha kazi hiyo tangu wakiwa wadogo, walichora pamoja naye. Watatu hao waliishi kwa jasho lao. 

Safari ya Suriname

Katika mji wa Amsterdam palikuwa na matajiri waliokusanya wadudu wa nchi za mbali. Maria alialikwa kuwatazama. Aliona vipepeo wakubwa wenye rangi za kupendeza, lakini wote walikuwa wamekufa na kukauka ndani ya makabati. Hakuna aliyeweza kumwambia walikuwa viwavi wa namna gani, wala walikula nini. Kwa Maria, kumjua mdudu namna hiyo hakukuwa kumjua.

Basi akaamua kwenda mwenyewe Suriname, nchi ya joto na misitu iliyoko Amerika ya Kusini, ambayo wakati ule ilikuwa koloni la Uholanzi. Hakutumwa na mfalme wala na chuo. Aliuza picha zake nyingi na wadudu aliokuwa amewakusanya, ili apate nauli. Kabla ya kuondoka aliandika wosia, maana meli nyingi zilizama na watu wengi walikufa kwa homa. Mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alipanda meli pamoja na Dorothea Maria, binti yake mdogo, wakavuka bahari ya Atlantiki.

Walikaa katika mji wa Paramaribo. Maria alipanda bustani nyumbani kwake, akaingia pia misituni na kusafiri mtoni kutafuta wadudu. Mimea aliyoichora huko mingi unaijua. Alichora nanasi na mende juu yake. Alichora mhogo, mpera, mpapai na mgomba, kila mmea pamoja na viumbe aliowakuta hapo. Wazungu wenye mashamba walimcheka. Wao walifikiri juu ya miwa na sukari tu, na walimshangaa mtu aliyevuka bahari kwa ajili ya viwavi. Maria hakuwajali. Naye aliwalaumu kwa kutoijali mimea mingine ya nchi ile na kwa kuwatesa watumwa wao.

Hapa inakupasa ujue jambo la kuhuzunisha. Mashamba yale ya miwa yalilimwa na watumwa, Waafrika waliokamatwa makwao na kuvushwa bahari kwa nguvu. Maria mwenyewe alitumikiwa na watumwa. Wao ndio waliomkatia njia msituni na kumletea wadudu. Wanawake wa Kiafrika na wanawake wenyeji wa asili wa nchi ile walimweleza matumizi ya mimea, naye akayaandika. Mwanamke mmoja mwenyeji alisafiri naye hata Amsterdam. Katika kitabu chake Maria alisema kwamba alisaidiwa na watu hao, lakini majina yao hakuyaandika. Kwa hiyo tunapomsifu Maria kwa kujitegemea, tuwakumbuke pia wale waliomwezesha, ambao hawakuwa huru kuchagua kazi yao.

Joto na homa vilimdhoofisha Maria. Alikuwa amekusudia kukaa miaka mingi zaidi, lakini mwaka 1701 ugonjwa ulimlazimisha kurudi. Katika meli alibeba daftari zake, picha, vipepeo waliokaushwa, na nyoka na mijusi waliohifadhiwa ndani ya pombe kali ili wasioze.

Kitabu kikubwa

Baada ya kurudi Amsterdam, Maria alianza kazi ya kutengeneza kitabu kikubwa cha wadudu wa Suriname. Kitabu hicho kilihitaji fedha nyingi. Aliuza vitu alivyoleta kutoka safarini, akawaomba wanunuzi walipe kabla, akawaajiri mafundi wa kuchonga mabamba. Mwaka 1705 kitabu kilitoka, kwa lugha ya Kiholanzi na ya Kilatini. Kilikuwa na picha sitini. Wataalamu wa Ulaya walikistaajabia, na miaka mingi baadaye Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, alizitumia picha za Maria katika kazi yake.

Si kwamba Maria hakukosea kamwe. Aliandika kuwa mdudu mmoja wa Suriname hutoa mwanga mkali usiku, na baadaye ikaonekana kuwa mdudu huyo hatoi mwanga. Lakini mara nyingine waliomkosoa ndio waliokosea. Katika picha ya mpera alimchora buibui mkubwa akimla ndege mdogo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, watu wengine walisema kwamba huo ni uongo. Ndipo mwaka 1863 Henry Walter Bates, mtafiti kutoka Uingereza, akachapa habari kwamba amemwona kwa macho yake buibui wa namna hiyo akiwa amewakamata ndege katika nchi ya mto Amazon. Maria alikuwa amesema kweli.

Mwaka 1715 Maria alipooza, lakini aliendelea na kazi kadiri alivyoweza. Alifariki dunia tarehe 13 Januari, mwaka 1717, mjini Amsterdam, akiwa na umri wa miaka 69. Mwaka huo huo Dorothea Maria alichapa sehemu ya tatu ya kitabu cha viwavi ambayo mama yake aliiacha. Kisha akaenda Urusi pamoja na mumewe, wakafanya kazi ya uchoraji katika mji wa St Petersburg, ambako picha nyingi za Maria zimehifadhiwa. Baada ya miaka mingi kupita, Ujerumani ilitia sura ya Maria katika noti ya marki 500, iliyotumika mpaka nchi hiyo ilipoanza kutumia fedha ya yuro mwaka 2002.

Tunajifunza nini?

Maria hakuwa na shahada, hakuwa na utajiri wa kurithi, na sheria za siku zake hazikumpendelea. Lakini alikuwa na ujuzi mikononi, na ujuzi huo hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Alijitegemea kwa namna mbili. Kwanza, alijitegemea kwa riziki: aliwalea binti zake, akalipia vitabu vyake na safari yake kwa kazi yake mwenyewe. Pili, alijitegemea kwa fikira: watu waliposema kwamba wadudu huzaliwa na matope, yeye alikaa kimya, akafuga viwavi, akatazama. Wewe msichana na wewe mvulana mwaweza kufanya hivyo pia. Akili ya kuchunguza haibagui.

Jambo la kufanya

1. Tafuta kiwavi juu ya mchungwa, mlimau au mdimu. Akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa wa kijani. Usimshike kwa mkono. Kata kijiti chenye majani pamoja na kiwavi mwenyewe. Usiwaguse kamwe viwavi wenye manyoya, kwa maana wengine huwasha sana.
2. Mweke ndani ya chupa pana au sanduku. Funika kwa kitambaa chepesi ili hewa ipite.
3. Kila siku mpe majani mabichi ya mti ule ule uliomkuta juu yake, na uondoe kinyesi chake.
4. Kila siku andika katika daftari lako tarehe, urefu wa kiwavi na mambo uliyoyaona. Mchore na umpake rangi.
5. Akigeuka pupa, usimtikise. Hesabu siku mpaka atoke. Akitoka kipepeo, ngoja mabawa yake yakauke, kisha umwachie huru. Akitoka mdudu mwingine, andika hivyo hivyo ulivyoona.

Maswali

1. Taja hatua nne za maisha ya kipepeo kwa kufuata utaratibu wake.
2. Watu wa zamani waliamini kwamba wadudu hutoka wapi? Maria alifanya nini ili ajue ukweli?
3. Kwa nini Maria alimchora mdudu pamoja na mmea?
4. Eleza sababu ya nyigu wadogo kutoka katika pupa ya kipepeo.
5. Maria alipataje fedha za safari ya Suriname? Ni watu gani waliomsaidia huko?
6. Taja kazi tatu alizozifanya Maria ili kujipatia riziki. Je, wewe una ujuzi gani wa mikono? Utautumiaje kujitegemea?